Jino la Mtoto Linapolegea Kabla ya Wakati

Mtoto huanza kung'oka meno ya utoto akikaribia miaka 6. Yale mawili ya mbele ya chini hutangulia, mengine hufuata kwa zamu, na magego ya utoto ya mwisho huondoka akiwa na miaka 11 au 12. Jino linaloondoka kwa ratiba hiyo huwa limebaki na mzizi mfupi au halina kabisa, kwa sababu jino jipya linalopanda kutoka chini limeshaumaliza. Mtoto wa miaka 3 ambaye meno yake yanacheza, fizi zimevimba na kuiva, zinavuja damu kwa kuguswa tu, naye hakuanguka wala hana jino lililotoboka, yuko nje ya ratiba hiyo kabisa. Jino lake likitoka, mara nyingi hutoka na mzizi wake mzima. Kilichotoweka ni mfupa uliokuwa umelishika.

Hali hii ni nadra, na kwa kuwa ni nadra hukosewa. Mama hufika kliniki akaambiwa hamsafishi mtoto kinywa, akapewa ushauri wa mswaki na dawa ya kusukutua, akarudi nyumbani na lawama mkononi. Miezi michache baadaye meno mawili yameshatoka. Lawama hiyo haina haki, wala haina sayansi ndani yake. Ukoga wa meno, ule utando laini wa bakteria unaojijenga kila siku juu ya jino, ni sharti la ugonjwa wa fizi, lakini kwa mtoto mdogo hautoshi kueleza mfupa uliokwisha. Watoto wengi mno hulala bila kupiga mswaki. Fizi zao huvimba na kutoka damu, na zikisafishwa kwa wiki kadhaa hupona bila kuacha alama. Mfupa wa taya hauguswi. Ukiguswa kabla ya balehe, swali la kwanza linapaswa kuwa juu ya damu ya mtoto, na hasa juu ya aina moja ya chembe nyeupe: neutrofili.

Neutrofili ndizo nyingi kuliko chembe nyeupe nyingine katika damu ya mtu mzima, na uboho wake huzitengeneza kwa kiasi cha bilioni 100 hivi kila siku. Huishi muda mfupi. Kazi yake kubwa ni kuwahi mahali penye vijidudu, kuvimeza na kuviua. Kinywani kuna sehemu isiyokuwa na likizo: mfereji mwembamba kati ya jino na ufizi. Hapo kitu kigumu kimetoboa nyama laini na kubaki miaka yote, nusu ndani na nusu nje, na bakteria hawaondoki hata kwa mtu anayepiga mswaki mara tatu kwa siku. Kwa hiyo neutrofili hutoka katika mishipa midogo ya damu ya ufizi usiku na mchana, maelfu kwa maelfu kila dakika, zikajipanga baina ya utando wa bakteria na nyama. Zikiwa chache, zikishindwa kutoka mshipani, au zikifika mikono mitupu, kinywa huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuonyesha.

Uchache wenyewe ulielezwa vizuri Uswidi. Mwaka 1956 daktari wa watoto Rolf Kostmann alichapisha habari za watoto wa kaskazini mwa nchi hiyo, wengi wao wa koo zilizooana kwa vizazi, waliokuwa wakifa wachanga kwa maambukizi. Damu yao ilikuwa karibu haina neutrofili kabisa. Miaka mingi ilipita bila tiba ya maana. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, ikapatikana dawa ya sindano inayouchochea uboho kutengeneza neutrofili, iitwayo G-CSF, na watoto ambao zamani wangezikwa wakaanza kwenda shule.

Hapo ndipo kinywa kilipoleta fumbo. Idadi ya neutrofili ilipanda, homa zikapungua, maisha yakarefuka, lakini fizi za watoto wengi wenye ugonjwa wa Kostmann ziliendelea kuoza na mfupa ukaendelea kuliwa. Mwaka 2002 Katrin Pütsep na wenzake wa Stockholm walitoa maelezo katika jarida la Lancet. Neutrofili zilizozalishwa kwa nguvu ya dawa zilikuwa zimekosa protini ndogo iitwayo LL-37, ambayo huua bakteria kwa kutoboa ngozi yao, wakiwemo wale wanaopenda fizi za vijana. Mgonjwa mmoja aliyekuwa amepandikizwa uboho alikuwa na LL-37 ya kawaida, na fizi zake hazikuwa na ugonjwa. Wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wachache, kama ilivyo kwa maradhi yote ya aina hii, lakini fundisho lake ni zito: kuhesabu chembe hakutoshi, kwani chembe inaweza kuwepo na isiwe na kitu cha kufanyia kazi.

Upo pia upungufu unaokuja na kuondoka. Katika ugonjwa mmoja wa kurithi, neutrofili hushuka kwa siku chache kila baada ya siku 21 hivi, kisha hurudi. Mtoto hupata homa, vidonda mdomoni na fizi zilizovimba, halafu hupona mwenyewe kabla miadi ya hospitali haijafika. Mzazi makini huugundua mzunguko huo mapema kuliko daktari, na maneno yake yanastahili kusikilizwa. Kipimo kimoja cha damu kikiangukia siku nzuri kitaonyesha mtoto mzima kabisa. Ndiyo maana wataalamu hurudia kupima mara mbili au tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki sita hivi.

Ugonjwa uliowapa watafiti mawazo mapya kuliko mingine yote, hata hivyo, ni ule ambao damu yake imejaa neutrofili kupita kiasi. Dalili yake ya kwanza haiko kinywani. Kitovu cha mtoto mchanga kwa kawaida hukauka na kukatika ndani ya wiki moja au mbili. Cha mtoto huyu hubaki wiki tatu, nne au zaidi, na mara nyingi huambukizwa. Baadaye hupata vidonda visivyopona na, jambo la kushangaza, visivyotoa usaha. Usaha kwa sehemu kubwa ni neutrofili zilizokufa kazini, na kwa mtoto huyu hazikufika kazini. Jeni yake ya ITGB2 ina kasoro, kwa hiyo chembe zake hazina, au zina kidogo mno, protini ya CD18 inayoziwezesha kunata kwenye ukuta wa mshipa na kupenya kuingia nyamani. Mishipa yake ni barabara iliyojaa daladala zisizo na kituo hata kimoja cha kushusha abiria. Kwa aina kali ya ugonjwa, bila kupandikizwa uboho wengi hawafiki umri wa miaka 2. Wenye aina nafuu huishi, na karibu wote hupoteza meno: kwanza ya utoto, kisha ya ukubwani.

Kwa miongo mitatu hivi maelezo ya upotevu huo yalionekana kujitosheleza. Mlinzi hayupo, kwa hiyo bakteria wamevamia. Timu ya Niki Moutsopoulos wa taasisi ya taifa ya utafiti wa meno ya Marekani, iliyoko Bethesda, kwa kushirikiana na George Hajishengallis wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, iliamua kutazama ndani ya fizi zenyewe badala ya kuridhika na hoja hiyo. Matokeo yao yalitoka mwaka 2014. Bakteria walikuwepo, lakini walibaki zaidi kwenye uso wa jino. Hawakuonekana kujaa ndani ya nyama kama ilivyotarajiwa. Kilichojaa nyamani kilikuwa intaleukini-17, kemikali ambayo mwili huitoa ili kuita neutrofili na kuwasha uvimbe.

Sababu yake inaonyesha jinsi mwili unavyojipima. Neutrofili iliyofika nyamani na kumaliza kazi hufa, ikamezwa na seli kubwa za usafi ziitwazo makrofaji. Kumezwa kule ndiko kunakotoa taarifa kwamba waliotumwa wamefika, na makrofaji hupunguza intaleukini-23, ambayo ndiyo huamuru intaleukini-17 itolewe. Kwa mtoto asiye na CD18 hakuna neutrofili inayofika, kwa hiyo hakuna ya kumezwa, na amri ya kuita haifutwi kamwe. Intaleukini-17 huendelea kutiririka. Mojawapo ya athari zake ni kuamsha seli zinazokula mfupa, zilezile ambazo kwa kawaida hukarabati mifupa kwa kiasi. Mfupa wa taya basi huliwa na mwili wenyewe, kwa mwito wa msaada uliokosa wa kuunyamazisha.

Wazo hilo lilijaribiwa kwa panya, likafanya kazi: walipozuiliwa intaleukini hizo, mfupa ulisalimika. Mwaka 2017 watafiti haohao walieleza katika New England Journal of Medicine habari za kijana wa miaka 19 mwenye ugonjwa huu, aliyekuwa na fizi zilizoharibika na kidonda cha muda mrefu sehemu ya chini ya mgongo. Walimpa ustekinumabu, dawa iliyokuwa ikitumika kwa ugonjwa wa ngozi wa soriasi, ambayo huzuia intaleukini-12 na 23. Uvimbe wa fizi ukatulia na kidonda kikafunga. Huyo ni mgonjwa mmoja, na mgonjwa mmoja hafanyi kanuni ya tiba. Lakini kabla ya hapo, kumpa mtu mwenye upungufu wa kinga dawa ya kupunguza sehemu ya kinga iliyobaki kungeonekana ni kumhatarisha bure. Hapa ndipo penye kiini cha suala zima: katika ugonjwa mkali wa fizi za watoto, udhaifu wa kinga na ukali wake uliopotoka huishi katika nyama moja, na aliyezoea kuviona kama vitu viwili vinavyopingana atashindwa kuuelewa.

Wafaransa wawili, Papillon na Lefèvre, walikuwa wameeleza kisa kingine mapema zaidi, mwaka 1924: kaka na dada wenye ngozi ngumu, nene na yenye mipasuko viganjani na nyayoni, ambao pia walikuwa wamepoteza meno. Ugonjwa unaobeba majina yao humpata mtu 1 hadi 4 katika milioni. Meno ya utoto huota kama kawaida, kwa wakati wake. Yakishaota tu, fizi huvimba vibaya, na kufikia miaka 4 au 5 karibu yote yametoka. Kisha hutokea jambo linalofaa kuzingatiwa sana: kinywa kikiwa hakina jino, fizi hupona zenyewe, zikawa za waridi na tulivu. Meno ya ukubwani yanapoota, moto huwaka upya, na katikati ya ujana mtoto amebaki kibogoyo kwa mara ya pili.

Kisababishi kilijulikana mwaka 1999, timu mbili zilipokionyesha karibu wakati mmoja. Ni kasoro katika jeni ya CTSC iliyo kwenye kromosomu ya 11, inayotengeneza kimeng'enya kiitwacho kathepsini C. Kimeng'enya hiki ndicho huamsha vimeng'enya vingine ndani ya neutrofili, vile vinavyosaga bakteria na vinavyotayarisha LL-37 ile iliyokosekana kwa watoto wa Uswidi. Neutrofili za mtoto huyu ni nyingi vya kutosha na hutoka mshipani, ila zikifika huwa na vimeng'enya vilivyolala. Ajabu ni kwamba wengi wao hawapati maambukizi mazito sehemu nyingine za mwili. Baadhi hupata majipu, ya ngozi au hata ya ini, lakini kwa walio wengi kinywa na ngozi ndivyo vinavyobeba mzigo wote. Ni ushahidi kwamba mpaka wa jino na ufizi unadai kutoka kwa kinga kitu ambacho sehemu nyingine za mwili zinaweza kukikosa na bado zikavumilia.

Mpaka hapa kosa limekuwa la mtoto, kwa maana ya kuzaliwa nalo. Upo upande mwingine, wa bakteria anayejua kuishambulia kinga. Aggregatibacter actinomycetemcomitans alielezwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika vidonda visivyo vya meno. Hutoa sumu inayozitafuta chembe nyeupe kwa kushika protini iliyo juu yake, na sehemu moja ya protini hiyo ni CD18, ileile wanayoikosa watoto wa kitovu kinachochelewa. Ukoo mmoja wa bakteria huyu, uitwao JP2, umepoteza kipande cha herufi 530 katika DNA yake, mahali panapodhibiti utoaji wa sumu, na kwa hiyo huimwaga kwa wingi. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Kaskazini na Magharibi. Dorte Haubek wa Denmark na wenzake waliwafuata kwa miaka 2 vijana wa Moroko ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa, na mwaka 2008 wakaripoti kwamba waliokuwa na JP2 walikuwa na hatari ya kuanza kupoteza mshiko wa meno mara 18 kuliko wasiokuwa na bakteria huyo. Waliokuwa na aina za kawaida za bakteria huyohuyo, hatari yao ilikuwa mara 3.

Ugonjwa wa fizi wa vijana unaohusishwa na bakteria huyu una ramani ya kipekee. Hula mfupa kuzunguka magego ya kwanza ya ukubwani na meno ya mbele, ukaacha mengine. Fizi kwa nje zinaweza kuonekana safi, hivyo kijana wa sekondari hushtuka jino likianza kusogea. Mwaka 1977 watafiti wa Buffalo, Marekani, walionyesha katika jarida la Nature kwamba neutrofili za vijana kama hao zinasuasua kufuata harufu ya bakteria, na kwa miaka mingi ikaaminika kwamba tatizo ni uvivu wa kuzaliwa. Baadaye wengine walizipima upya na kuona kinyume: zina hasira kupita kiasi, zinamwaga kemikali zinazochoma nyama ya mwenyewe, na huenda uzito wa mwendo ni matokeo ya kuchokozwa muda mrefu. Mjadala huo haujafungwa, na pengine vijana wanaopewa jina moja la ugonjwa wana makosa tofauti.

Kuhusu kwa nini meno mengine husalimika, dhana yenye nguvu inahusu kingamwili. Magego ya kwanza na meno ya mbele ndiyo huota mapema, kati ya miaka 6 na 8, na hupokea bakteria mwili ukiwa haujawahi kukutana naye. Baadaye mwili hutengeneza kingamwili kwa wingi, na meno yanayoota baada ya hapo hukuta ulinzi. Watafiti waliona kwamba vijana wenye kingamwili nyingi dhidi ya bakteria huyu mara nyingi ndio ambao ugonjwa wao haukusambaa. Mwaka 2017, wataalamu wa Ulaya na Marekani walipopanga upya majina ya magonjwa ya fizi, walifuta kundi la pekee la ugonjwa wa vijana na kuliingiza katika ugonjwa mkuu wa fizi, wakibakiza ramani ya magego na meno ya mbele kama alama ya kutajwa. Uamuzi huo una mantiki yake, lakini una gharama: jina maalumu lilikuwa likimkumbusha daktari kuuliza kinga ya mgonjwa.

Nje ya neutrofili pia kuna milango. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa kutoka Innsbruck, Austria, ilionyesha kwamba familia zenye aina moja ya ugonjwa wa Ehlers-Danlos, ambao watoto na vijana wao hupoteza meno, zina kasoro katika jeni za C1R na C1S. Hizo ni za mfumo wa komplimenti, protini za damu zinazowasha kinga kwa hatua, na kwa watu hawa hatua ya kwanza hujiwasha bila kuamriwa. Watoto wenye ugonjwa wa Down na wenye kisukari nao huharibika fizi mapema kuliko wenzao, neutrofili zikiwa na dosari ya mwendo au ya kazi.

Kwa Afrika, hata hivyo, kinga inayoharibu fizi za watoto wengi haikuzaliwa na kasoro. Imevunjwa na njaa na maradhi. Noma huanza kama kidonda kidogo kwenye ufizi wa mtoto, zaidi wa miaka 2 hadi 6, na ndani ya siku chache hula shavu, mdomo na mfupa. Bila tiba, hadi 90 katika kila 100 hufa. Haiambukizi kwa kugusana. Humjia mtoto mwenye utapiamlo ambaye mara nyingi ametoka tu kuugua surua au malaria. Utapiamlo hukausha tezi inayolea chembe za kinga na kupunguza kingamwili za mate. Surua huongeza pigo lake: uchunguzi wa watoto wa Uholanzi wasiochanjwa, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba baada ya surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa wamejijengea dhidi ya maradhi mengine. Mwili husahau, na bakteria wa kawaida wa kinywani hupata mwanya.

Mtafiti wa Nigeria Cyril Enwonwu alitumia miongo mingi kuonyesha uhusiano huu wa chakula, surua na kinga, na tangu mwaka 1999 Sokoto ina hospitali ya noma peke yake. Anayedhani ni ugonjwa wa bara moja akumbuke kwamba Ulaya iliujua kwa karne nyingi, ukatoweka watoto walipoanza kushiba, kisha ukarudi katika kambi za Wanazi za Auschwitz na Bergen-Belsen. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele Desemba 2023. Kinachouma ni wepesi wa kuuzuia: katika hatua ya fizi tu, antibiotiki za kawaida, kusafisha kinywa na chakula chenye protini huusimamisha. Chanjo ya surua, ambayo Tanzania na Kenya huitoa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, ni kinga ya kinywa pia, ingawa hakuna anayeihesabu hivyo.

Virusi vya Ukimwi viliacha alama yake kwenye fizi zilezile. Kabla ya ARV kuwafikia watoto wengi, mstari mwekundu kando ya ufizi usioondoka hata baada ya kusafishwa, au fizi zilizokufa katikati ya meno, ulikuwa dalili ya kutosha kumtuma mtoto akapimwe. Dalili hiyo bado ina thamani yake leo kwa mtoto ambaye hajapimwa.

Katika hospitali za Afrika Mashariki, mtoto wa jino linalocheza analeta pia maswali yasiyo ya fizi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao baadaye uliitwa kwa jina lake, saratani inayohusishwa na malaria na virusi vya Epstein-Barr. Magego yanayolegea ni miongoni mwa dalili zake za mwanzo. Saratani ya damu nayo inaweza kuanza kwa fizi zilizofura na kuvuja damu. Upo na ugonjwa wa kurithi ambao jino hutoka na mzizi mzima bila uvimbe mkubwa wa fizi, kwa sababu saruji inayolishika jino haikujengeka. Huo hugunduliwa kwa kupima kimeng'enya cha fosfatesi, ambacho huwa chini mno. Kung'oa jino na kumruhusu mtoto arudi nyumbani bila kipimo chochote ni kufunga mlango wa hayo yote.

Kipimo cha kwanza ni cha bei nafuu na kipo hata katika hospitali nyingi za wilaya: picha kamili ya damu. Ila kinahitaji kusomwa kwa macho ya hapa. Watu wengi wa kusini mwa Sahara hawana alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, urithi unaowakinga na aina moja ya malaria, na pamoja nao huja neutrofili chache zaidi damuni, mara nyingi chini ya 1,500 kwa mikrolita, kiwango ambacho vitabu vya Ulaya huita upungufu. Watu hao hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Mtoto mwenye 1,200 na fizi nzima hana haja ya kutishwa. Mwenye 200 na meno yanayocheza ana haja ya kufikishwa kwa mtaalamu wiki hiyohiyo. Mwenye 30,000, vidonda visivyo na usaha na historia ya kitovu kilichochelewa, naye asipongezwe kwa wingi wa chembe zake.

Inasikitisha kwamba jamii zetu huzitazama fizi za wachanga kwa makini, ila mahali pasipo na ugonjwa. Tangu miaka ya 1980, sehemu nyingi za Tanzania, vimbe za kawaida za meno ya chonge ambayo hayajaota zimeitwa meno ya plastiki, zikalaumiwa kwa homa na kuhara, na kuchimbuliwa na waganga kwa vifaa vichafu. Desturi hiyo ipo pia Uganda na Kenya. Wazazi hao hawakosi upendo wala uangalifu. Wamekosa mtu wa kuwaambia kipi kiangaliwe na kwa umri gani.

Tiba hufuata kosa lenyewe. Kijana mwenye ugonjwa wa magego na meno ya mbele hunufaika sana na kusafishwa chini ya ufizi pamoja na amoksilini na metronidazoli kwa siku kadhaa. Kwa ugonjwa wa Papillon na Lefèvre, madaktari huweza kung'oa meno ya utoto yaliyoambukizwa na kumpa mtoto antibiotiki kabla ya meno ya ukubwani kuota, ili yakute kinywa chenye bakteria wachache. Baadhi ya watoto wameyahifadhi meno yao kwa njia hiyo, wakisaidiwa na usafishaji wa mara kwa mara. Kwa kasoro kali za neutrofili, kupandikiza uboho ndiyo tiba inayofika kwenye chanzo. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu mwaka 2023, kwa hiyo ujuzi wa kazi hiyo haupo tena ng'ambo pekee, ijapokuwa watoto wa upungufu wa kinga hawajawa na njia iliyo wazi ya kuufikia.

Mengi ya maradhi haya hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akiwa na nakala moja yenye kasoro bila yeye kuugua. Ndoa za mabinamu, zilizo desturi ya heshima katika familia nyingi za Pwani, Oman na Ghuba, huongeza uwezekano wa nakala mbili kukutana, na hilo lisemwe kwa adabu, bila kumwaibisha mtu. Aliyekwisha kupata mtoto mmoja mgonjwa ana uwezekano wa 1 kati ya 4 kwa kila mimba inayofuata. Mdogo mtu akizaliwa, kitovu chake kinaweza kufuatiliwa tangu wiki ya kwanza, viganja na nyayo zake zikaangaliwa kila anapopelekwa kliniki, na damu yake ikapimwa, yote hayo kabla jino la kwanza halijaota karibu na miezi 6.